Mkono wa Fundi Kibano

Mtaani kulikuwa na mafundi simu wengi, karibu wote vijana wa kiume wenye vibanda vya taa za rangi na muziki wa kupasua masikio. Fundi Kibano alikuwa bibi wa watu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kibanda chake hakikuwa na taa ya rangi wala muziki. Hata hivyo simu iliyowashinda wale vijana ilifika kwake, na mara nyingi walioileta ni vijana wenyewe, wakizunguka nyuma ya kibanda ili wateja wao wasiwaone.

Jina alipewa kwa sababu ya kile chombo chembamba cha kushikia skrubu, ambacho hakikumtoka mkononi. Alikisahau mkononi hata nyumbani, akajikuta anachambua mchele kwa kibano. Ufundi aliupata kwa mumewe, aliyekuwa fundi redio. Mume alipofariki, redio nazo zilikuwa zimeshaanza kufa, basi mjane akahamia kwenye simu bila kumwomba mtu ruhusa. Alisema waya ni waya. Kilichopungua ni ukubwa wake na macho ya kuutazamia.

Aliishi na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na mmoja. Mama wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mume mwingine huko huko, na salamu zake zilikuwa zikija kama mvua za kiangazi. Bibi alimwita mtoto "mke mwenzangu," kama bibi wengine wanavyowatania wajukuu zao, na mtoto alijibu kwamba huyo mume wao ni mzembe kupindukia, tangu azikwe hajaleta hata robo ya sukari. Walicheka mpaka chai ikapoa. Ukitaka kujua ni kitu gani Fundi Kibano alikipenda duniani, kilikuwa hicho tu: kutaniwa na yule mtoto jioni, mlango umeegeshwa, kazi imekwisha.

Katika kazi yake alikuwa na desturi moja. Zamani aliwahi kutengeneza simu iliyokuja kugundulika kuwa ya wizi, na polisi wakamkalisha kituoni kutwa nzima mbele ya watu wanaomfahamu. Aibu ile haikumtoka. Tangu siku hiyo hakuna simu iliyoondoka mezani kwake kabla hajawasha lokesheni, yaani ile sehemu inayoifanya simu ijue ilipo na kupaandika mahali hapo hata ndani ya kila picha inayopiga. Hakumwuliza mwenye simu. Alikaza skrubu ya mwisho, akafuta kioo kwa pindo la gauni, kidole kikawasha. "Simu isiyojua ilipo ni ya mwizi," alipenda kusema, na kweli simu kadhaa zilizoibwa zilirudi kwa wenyewe kwa ajili hiyo. Jambo hili alijivunia kuliko ufundi wenyewe.

Ndipo mwalimu wa sayansi wa shule ya mjukuu wake alipoanzisha kikundi cha watoto cha kulinda wanyama na ndege. Nyuma ya matanuru ya matofali, mwisho wa mji, palikuwa na kinamasi, na katika matete ya kinamasi mtoto wa mfyatua matofali alikuwa ameona korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, wakijenga kiota. Korongo hao wamebaki wachache. Wapo watu wanaoiba makinda yao na kuwauza kwenye majumba ya bustani, wakatwe mabawa na kutembezwa kwenye majani kama mapambo. Mwalimu alitaka watoto wawalinde bila kuwasogelea, maana korongo akisumbuliwa huweza kukitelekeza kiota. Alikuja kibandani kuomba simu mbovu za kuwa macho yao.

Fundi Kibano alikuwa na sanduku zima la simu zilizopasuka vioo, ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Kioo kikifa, kamera haina habari. Alichagua nne nzima kwa ndani. Kila moja aliiunganisha na kioo cha kujaribia, kile kinachokaa mezani kwa ajili ya kuazima, akaiwekea programu ya kupiga picha kila kitu kinapojongea mbele yake, kisha akakichomoa kioo. Watoto walileta makopo ya plastiki ya chakula, gundi ya madirisha na vipaneli vya sola vya taa za uani. Mtoto wa mfyatua matofali, mwenye mikono mipana kuliko umri wake, alitoboa makopo kwa msumari wa moto bila kupasua hata moja. Mjukuu alimsifu rafiki yake huyo usiku na mchana, mpaka bibi akauliza kama fundi wa nyumba hii amebadilishwa bila yeye kuambiwa.

Picha zilikwenda zenyewe kwenye ukurasa wa kikundi mtandaoni, na kila mtu aliweza kuzitazama. Ndilo lilikuwa kusudi: watu wawaone korongo, wawapende, wakome kuwauza. Mwalimu alitoa onyo moja tu, kwamba pasiandikwe ni wapi. Watoto walilishika onyo hilo kama kiapo. Kinamasi walikiita "Kwa Malkia," na picha moja nzuri sana waliifuta kwa kuwa kwa mbali ulionekana moshi wa tanuru.

Zile zilikuwa wiki nzuri. Watu wasiojulikana waliandika kutoka huko waliko, wakiuliza Malkia ameamkaje. Mjukuu, ambaye darasani alikuwa mzito wa kunyoosha mkono, sasa alisimama mbele ya shule nzima akaeleza jinsi dume na jike wanavyopokezana kulalia mayai. Siku makinda walipoanguliwa alikimbia kutoka shuleni mpaka kibandani, akamwambia bibi yake kwamba wametoka wawili, wana miguu mirefu isiyojua pa kwenda, wanafanana naye anapotafuta miwani asubuhi. Bibi aliweka pasi ya kulehemu chini, akacheka hadi wateja wakashangaa.

Hata juma halikuisha. Asubuhi moja picha zilionyesha kiota kitupu. Mwalimu na watoto walikwenda, wakakuta matete yamelazwa, nyayo za buti kwenye tope, na kopo moja la kamera limekanyagwa. Makinda hawakuwepo. Wazazi wao walisimama ng'ambo ya maji wakilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea, na watoto waliosikia sauti ile walirudi shuleni wakiwa hawasemezani.

Walipoanza kusemezana, walianza na swali baya. Nani alipajua? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, kwa sababu walikuwa wamefundishwa methali na hawakufundishwa subira. Mahali palijulikana na mwalimu na wao wenyewe, na kati yao mmoja tu aliishi kando ya kinamasi. Mmoja akakumbuka kumwona mtoto wa mfyatua matofali akiongea na mtu mgeni pale tanurini. Ni kweli aliongea na mgeni. Wanunuzi wa matofali ni wageni wote. Siku ya kwanza mjukuu wa Fundi Kibano alimtetea. Siku ya pili alimwita pembeni, akamtaka aape. Mvulana alimtazama.

"Unaniapisha mimi?" akauliza, kisha akaondoka. Binti akalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Mwalimu aliwakanya, lakini mwalimu hawezi kumlazimisha mtoto akae dawati moja na mwenzake kwa moyo. Mvulana alibaki peke yake kwenye dawati, halafu dawati likabaki peke yake.

Jioni moja mjukuu alileta lile kopo lililokanyagwa, akaliweka mezani pa bibi. Alisema simu hii ilikuwa ikitazama, kwa hiyo lazima ilimwona. Fundi Kibano alikwangua gundi, akaitoa simu yenye tope, akaikausha, akaiunganisha na kioo cha kujaribia. Ilikuwa hai bado. Picha ya mwisho, ambayo haikuwahi kufika mtandaoni, ilionyesha matete, buti, na kifua cha mtu aliyeinama. Kichwa kilikuwa nje ya picha. Mkono mmoja wa mtu huyo ulishika gunia. Mkono wa pili ulishika simu iliyowaka ramani.

Bibi alifungua maelezo ya picha ili aone saa. Chini ya saa palikuwa na mstari wa tarakimu, nao ulitaja mahali picha ilipopigwa. Alifungua picha ya jana yake, na ya juzi yake, na ya siku ya kwanza kabisa. Zote zilikuwa na mstari uleule. Watoto walikuwa wamelificha jina la kinamasi kwa meno, na huku kila picha waliyoitoa ilikuwa ikimwelekeza mwizi mpaka kwenye kiota chenyewe. Hakuhitaji kujiuliza ni nani aliyewasha. Aliuona mkono wake ukikaza skrubu, ukifuta kioo, ukiwasha, mara nne, bila akili yake kuwepo.

"Umemwona, Bibi?"

"Sura haipo," akasema.

Ilikuwa kweli, na hakuwahi kusema neno lililomwia zito kama hilo. Akakichomoa kioo, simu ikarudi kuwa kipande cha plastiki.

Watu husema majuto ni mjukuu. Fundi Kibano aliisikia methali hiyo tangu utoto na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja majuto na mjukuu wangekaa naye meza moja wakinywa chai. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika mtoto alimtania kuhusu mume wao, bibi akasikia raha ile ya kila siku ikimpanda kifuani, akaogopa kuiua. Aliogopa hilo tu, tuseme ukweli. Polisi hawakumjia akilini, wala jina lake la kazi. Alikuwa mwanamke mzima anayemwacha mtoto wa mwenzake abebe mzigo wake, kwa ajili ya kicheko cha jioni. Alilijua hilo, na bado alinyamaza.

Aliyemtoa kwenye kimya hicho ni mfyatua matofali mwenyewe. Alikuja na simu isiyoingia chaji. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi la udongo mwekundu, naye fundi akalisafisha kwa sindano, polepole, huku yule baba amesimama kwa adabu mikono nyuma. Alieleza bila kuulizwa kwamba mwanawe ameacha shule, sasa anafyatua naye tangu asubuhi. Hakulalamika juu ya mtu.

"Akiniambia hakufanya, mimi namwamini," alisema. "Tatizo haniambii kitu. Ameacha kuongea."

Simu ilikubali chaji. Fundi Kibano alifuta kioo kwa pindo la gauni, na kidole chake kikaanza safari yake ya siku zote. Kikakwama hewani. Akaiweka simu chini, akamwambia kila kitu, toka simu nne za kwanza hadi mstari wa tarakimu, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake. Alipomaliza yule baba hakupandisha sauti. Alimwomba tu akayaseme hayo shuleni, maana yeye akisema wataona ni baba anamtetea mwanawe.

Basi alikwenda. Alisimama mbele ya kikundi, mkoba umebanwa kwapani, akasema aliyewaonyesha wezi njia ni yeye, kwa mazoea ya mkono, na kwamba alilijua hilo siku nyingi akanyamaza. Mwalimu alisema yeye naye ana lawama, alichunga maneno akasahau picha. Watoto waliangalia sakafu. Mjukuu wake alimwangalia yeye, na bibi akatamani aangalie sakafu kama wengine.

Siku ileile walikwenda tanurini kuomba radhi. Mvulana alinawa mikono, akawapa mkono wote mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa kama mtu mzima msibani. Ilipofika zamu ya mjukuu wa Fundi Kibano, aliushika mkono wake akauachia.

"Wengine hawakuwa wananijua," alimwambia. "Wewe ulinijua."

Muhula uliofuata baba na mwalimu walimrudisha darasani. Kwenye kikundi hakurudi.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Fundi Kibano alijiandaa kwa machozi, kwa maneno makali, hata kwa mlango kubamizwa; kwa kilichokuja hakuwa amejiandaa. Mtoto aligeuka kuwa na adabu. Shikamoo Bibi, karibu chai Bibi, ahsante Bibi, usiku mwema Bibi. Majirani walimsifu kwa malezi. Mume wao mzembe hakutajwa tena, na jioni chai ilinywewa ingali moto.

Makinda hawakupatikana. Afisa wanyamapori alizunguka kwenye majumba mawili matatu yenye bustani, akarudi mikono mitupu. Korongo wazazi waliendelea kulia kinamasini kwa siku kadhaa, kisha siku moja hawakusikika, na matete yakasimama tena mahali palipokuwa na kiota. Kikundi hakikufa. Watoto walijifunza kuzima lokesheni, kufuta maelezo ya picha, kuzitoa zikiwa zimeshapitwa na wakati. Walijua mambo hayo kuliko mafundi wengi wa mtaani. Ila walikuwa na kenge na bata tu wa kupiga picha. Mjukuu alikwenda kinamasini kila Jumamosi na darubini ya mwalimu. Alirudi na tope magotini, akaitundika darubini nyuma ya mlango, akasema, "Hakuna kitu, Bibi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya wiki.

Mwaka ulizunguka. Alasiri moja mtoto wa mfyatua matofali alisimama mbele ya kibanda, amerefuka, ameshika simu ya baba yake iliyopasuka kioo. Alimwamkia fundi, akakaa kwenye kigoda kungoja. Fundi Kibano alibadili kioo, kisha akajaribu kamera kama anavyojaribu siku zote. Akagusa kijipicha cha pembeni kuona kama picha imetoka, kidole cha uzee kikateleza, ikafunguka picha ya kabla yake.

Alikuwa korongo, ameketi, taji limepigwa na jua. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa udongo wenye alama za sepetu. Yalikuwa yale mashimo ya zamani yaliyochimbwa udongo wa matofali na sasa yamejaa maji na matete, upande ambao hakuna mtu mwenye haja ya kwenda. Bibi alifungua maelezo ya picha. Palipotakiwa kuandikwa mahali palikuwa patupu.

Aliinua macho. Mvulana alikuwa akimtazama, hakuonekana kushtuka.

"Wamerudi," bibi akasema chini chini.

"Wana mayai matatu. Nilimpigia baba picha aone."

"Mwenzio anawatafuta kila Jumamosi."

"Namwona. Anatafuta upande ule mwingine."

"Mwonyeshe basi, mwanangu. Hata mara moja. Sasa wanajua kuzima, wote wanajua."

Mvulana alifikiri. Haikuwa chuki iliyokuwa usoni pake. Bibi alitafuta chuki pale, ili apate cha kubishana nacho, hakuiona.

"Usimwambie, Bibi."

"Yule hana ubaya."

"Najua hana. Atamwambia mmoja tu, yule anayempenda sana, na huyo naye atakuwa na mmoja wake. Hatakusudia." Akanyoosha mkono kupokea simu. "Hata wewe hukukusudia."

Fundi Kibano alifuta kioo kwa pindo la gauni. Akaizima ile picha, akamrudishia simu yake. Alimwambia amsalimie baba.

Jumamosi mjukuu alirudi jioni, tope limempanda hadi mapajani. Safari hii alikuwa ameingia ndani zaidi. Bibi alikuwa amekaa mkekani, ungo wa mchele mapajani. Mtoto aliitundika darubini nyuma ya mlango. Bibi akangoja yale maneno yao. Badala yake mtoto alikuja akaketi mkekani, tope na yote, akamwegemea begani kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Nimechoka," akasema. Kisha, "Unafikiri watarudi siku moja, mke mwenzangu?"

Mwaka mzima Fundi Kibano alikuwa akilingoja neno lile, akililia jikoni, akiliota. Sasa lilikuwa limekuja, limeketi kando yake na joto lake, nalo limeshika swali mkononi. Aliyaona mayai matatu kwenye matete. Alimwona mvulana amenyoosha mkono.

"Sijui, mke mwenzangu," akasema.

Kisha akachukua kibano, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na mtoto akamwonyesha yale ambayo macho yake hayakuyaona.